Alexis Soyer, Mpishi wa Mabwana na wa Mafukara

Msomaji wa historia ya Ulaya ya karne ya kumi na tisa hukutana na majina ya wafalme, mawaziri na majemadari hata akayachoka. Ni nadra kuambiwa watu hao walikula nini, na ni nadra zaidi kuambiwa nani aliyewapikia. Vita vya Krimea, kwa mfano, vimeandikiwa vitabu vingi mno. Lakini mtu akiuliza nyama ya askari ilitiwa katika chungu gani, kwa kuni zipi, na kwa mkono wa nani, hupaswa kutafuta jawabu mbali na mahali zilipoandikwa sifa za mashujaa. Akitafuta kwa bidii atakutana na mtu mmoja mwenye kofia iliyowekwa upogo na koti lililoshonwa upogo, aitwaye Alexis Benoît Soyer.

Soyer alikuwa Mfaransa aliyepata jina lake Uingereza. Katika muda wa miaka ishirini na kitu aliwapikia waheshimiwa wa klabu moja kubwa ya London, wenye njaa wa Ayalandi, wageni wa maonyesho ya mwaka 1851, na askari wagonjwa katika hospitali za Uturuki na kambi za Krimea. Watu wa zama zake walimsifu kupita kiasi, kisha wakamcheka kupita kiasi. Mwandishi William Thackeray alimchora kwa mzaha katika riwaya yake ya Pendennis, kwa umbo la mpishi Mirobolant, mtu wa majivuno na mapenzi. Sifa zile na kicheko kile vyote vilikuwa na sababu. Linalonishughulisha mimi ni jambo jingine: kama ustadi wa mpishi waweza kuwa jawabu la njaa ya taifa, au ni pambo tu juu ya meza ya mwenye shibe.

Alizaliwa tarehe 4 Februari, 1810, katika mji wa Meaux, mashariki ya Paris, nchi ya jibini nzuri. Baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula, wala hakuwa mtu wa mali. Wazazi walitaka mtoto huyu wa mwisho awe padri, wakamtia katika shule ya kanisa kuu la mji. Inasimuliwa kwamba kijana, kwa kuchoka na sala, alipiga kengele za kanisa usiku wa manane, mji mzima ukaamka ukidhani pana moto au adui, naye akafukuzwa. Sitaapa kwamba ni kweli, lakini ni hadithi inayomfanana, maana maisha yake yote hakuacha kupiga kengele ili watu watazame aliko. Akiwa bado mtoto alipelekwa Paris kwa kaka yake Philippe, aliyekuwa mpishi, naye akaingia uanagenzini.

Paris ya wakati ule ilikuwa chuo cha mapishi cha Ulaya. Mikahawa ilikuwako kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789, lakini baada ya mabwana wengi kukimbia au kukatwa vichwa, wapishi wao walibaki bila meza ya kuandaa, na wengi walifungua milango yao kwa yeyote mwenye fedha mfukoni. Soyer alijifunza katika mikahawa hiyo, na kwa umri wa miaka ishirini alikwisha panda hata kuwa mpishi wa pili katika jiko la Prince de Polignac, waziri mkuu wa Mfalme Charles wa Kumi. Hapo ndipo siasa ilipomfuata jikoni. Mwezi wa Julai, 1830, watu wa Paris walimwinukia mfalme. Yasemwa kwamba wenye silaha waliingia jikoni mle karamu ilipokuwa ikitengenezwa, wakawapiga risasi baadhi ya wapishi, naye Soyer akajiokoa kwa kuanza kuimba kwa sauti kuu wimbo wa mapinduzi. Wauaji wakamchukua mabegani kama mwenzao. Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Uingereza, ambako Philippe alikuwa akimpikia Duke wa Cambridge.

Miaka sita alihama kutoka nyumba ya bwana huyu hadi ya bwana yule. Mwaka 1837 alimwoa Elizabeth Emma Jones, Mwingereza, mchoraji aliyeanza kusifiwa tangu utotoni, na mwaka huohuo akawa mkuu wa jiko la Reform Club. Klabu hii iliundwa mwaka 1836 na wafuasi wa sheria ya mabadiliko ya Bunge ya mwaka 1832. Wanasiasa wake walitambua kwamba mwanachama hushikwa na hoja, lakini hushikwa zaidi na chakula kizuri. Siku ya kutawazwa kwa Malkia Victoria, tarehe 28 Juni, 1838, Soyer aliwaandalia wageni 2,000 kifungua kinywa.

Jumba jipya la klabu lilijengwa mtaa wa Pall Mall kwa ramani ya Charles Barry, likafunguliwa mwaka 1841. Jiko lake Soyer alilipanga mwenyewe pamoja na Barry, na inafaa tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo ubingwa wake wa kweli unapoonekana. Watu walizoea jiko kuwa pango la moshi na jasho, ambamo mpishi huishi maisha mafupi kwa kuvuta hewa ya makaa. Soyer alitia gesi, ambayo moto wake hupandishwa na kushushwa kwa kugeuza kishikizo. Wenziwe wengi waliiogopa. Samaki walilazwa juu ya jiwe lililopitiwa na maji baridi. Mvuke wa mtambo mmoja ulipasha moto mabakuli na kuzungusha mishikaki mikubwa. Meza zilikatwa kwa umbo la kumwezesha mpishi kufikia vitu vyake bila kupiga hatua mbili. Hayo yote kwetu leo ni mambo ya kawaida, lakini mtu aliyefanya kazi katika jiko baya ajua kwamba nusu ya nguvu za mpishi hupotea katika kutembea na nusu ya ile iliyobaki katika kungoja moto. Soyer aliifahamu kazi kama fundi wa mitambo anavyoifahamu, na hakuificha: aliwatembeza wageni jikoni humo, mabwana kwa mabibi, na mchoro wa jiko lake ukauzwa kama uuzwavyo mchoro wa kasri.

Mwaka 1842 alikuwa Ubelgiji mke wake alipofariki akiwa mja mzito, baada ya usiku wa ngurumo na umeme. Soyer alimjengea mnara katika makaburi ya Kensal Green, London, uliozidi hali yake ya fedha. Hakuoa tena, ingawa mapenzi yake na mchezaji densi Fanny Cerrito yalijulikana na wote.

Katika klabu fahari iliendelea. Tarehe 3 Julai, 1846, alipikiwa Ibrahim Pasha, mwana wa Muhammad Ali wa Misri, karamu ya watu 150. Soyer alimletea mezani piramidi ya keki na malai, urefu wake zaidi ya futi mbili, na juu yake picha ya baba wa mgeni. Inasemekana Pasha aliishika picha ile akaitazama muda mrefu. Mwaka huohuo Soyer alitoa kitabu kikubwa cha mapishi, The Gastronomic Regenerator, chenye maelekezo yakaribiayo 2,000. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Mshahara na ada za wanagenzi wake zilimpa pauni elfu na zaidi kwa mwaka, fedha ambazo si madaktari wengi wa London waliozipata. Lau angalikufa mwaka ule, angalikumbukwa na walafi tu.

Lakini katika mwaka ule wa piramidi ya keki watu wa Ayalandi walikuwa wakifa. Ugonjwa wa ukungu uliingia katika viazi mwaka 1845, na mwaka 1846 ukaviangamiza karibu vyote. Ni lazima msomaji ajue viazi vilikuwa nini kwa maskini wa nchi ile. Mfanyakazi wa shamba aliweza kula ratili 12 hata 14 kwa siku, pamoja na maziwa ya mtindi kama yalipatikana, na hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha asubuhi, mchana na usiku kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nafaka na mifugo iliyokuzwa katika ardhi ile ilikuwa ya kodi ya mwenye ardhi, na mingi ilipakiwa merikebuni kwenda Uingereza hata wakati wa njaa. Serikali ya London ilikawia. Kwanza ilinunua mahindi ya Marekani, ambayo watu hawakujua kuyasaga wala kuyapika, yakawaumiza matumbo. Kisha ikawatia wenye njaa katika kazi za barabara, mtu aliyekonda mifupa apasue mawe ndipo apate ujira usiotosha unga.

Mwezi wa Februari, 1847, Soyer aliandika barua katika gazeti la The Times kueleza jinsi ya kupika supu bora kwa fedha kidogo. Alikwisha jaribu supu hiyo kwa maskini wa London, katika Spitalfields, mtaa wa wafuma hariri waliokosa kazi. Serikali, iliyokuwa ikitafuta njia mpya, ilimwita. Klabu ikampa ruhusa, naye akaenda Dublin, akajenga mbele ya kambi ya askari iitwayo Royal Barracks banda refu la mbao na turubai. Katikati yake palikuwa na chungu cha galoni 300, na kando yake meza zenye mabakuli 100, kila bakuli na kijiko chake kilichofungwa kwa mnyororo. Kengele ilipolia watu mia waliingia, wakaomba dua, wakala, wakatoka kwa mlango wa pili, kila mmoja akipewa robo ratili ya mkate; mabakuli yakapanguswa, kengele ikalia tena. Soyer alihesabu dakika sita kwa kila kundi, yaani watu elfu kwa saa. Ilikuwa akili ileile ya jiko la Pall Mall, ya kuhesabu hatua na muda, iliyohamishiwa penye dhiki.

Mabakuli yale ya mnyororo yamesemwa sana, na wengine huyaona kuwa ni dharau tupu. Mimi simlaumu sana kwa minyororo. Vijiko vingaliibwa, na wa elfu moja na moja angalikula kwa mkono. Namlaumu kwa siku ya ufunguzi. Tarehe 5 Aprili, 1847, wakuu wa serikali na mabibi wa Dublin walialikwa kuja kutazama, na watazamaji walitozwa shilingi 5 kila mtu ili wawaone mafukara wakila. Fedha zilikuwa za sadaka, ndiyo. Lakini fikiri baba aliyewazika watoto wake wawili, ameketi mbele ya bakuli, na nyuma yake bibi mwenye mwavuli wa hariri anamwangalia anavyomeza. Waandishi wa Dublin walilaumu kwa maneno makali, wakasema hivyo ndivyo watu waendavyo kutazama wanyama wakilishwa. Wahenga wetu walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku ile mwenye shibe alilipa kiingilio naye asimjue vilevile. Soyer, aliyezoea kuonyesha jiko lake kwa wageni, hakuona tofauti ya kumwonyesha samaki juu ya jiwe na kumwonyesha binadamu mwenye njaa.

Tuingie sasa katika supu yenyewe, maana hapo ndipo penye shauri. Maelekezo ya kwanza aliyoyatangaza yalikuwa haya: kwa galoni mbili za maji, nyama ya ng'ombe robo ratili, mafuta ya nyama wakia 2, vitunguu viwili na mboga nyingine kidogo, unga nusu ratili, shayiri iliyokobolewa nusu ratili, chumvi wakia 3, na sukari nusu wakia. Alidai kwamba shibe moja ya supu hii kwa siku, pamoja na biskuti, yatosha kumtunza mtu mwenye afya. Madaktari walimrukia. Jarida la The Lancet liliandika kwa ukali kwamba mpishi wa mabwana anauza ladha kwa jina la lishe, na Sir Henry Marsh, tabibu wa Dublin, alionya kwamba mwili hauwezi kuishi kwa maji yaliyokolezwa, na kwamba mfanyakazi huhitaji chakula kigumu.

Nani alikuwa na haki? Siku hizo hapakuwa na kipimo cha kalori, lakini sisi tunacho, na hesabu si ngumu. Nusu ratili ya unga na nusu ratili ya shayiri hutoa karibu kalori 1,600. Mafuta huongeza kama 500. Nyama ile kidogo, mboga na sukari haziongezi zaidi ya 300. Jumla, tuseme 2,400 katika galoni mbili, yaani mabakuli manane ya robo galoni. Basi kila mtu alipata kiasi cha kalori 300, na mkate wake ukamwongezea karibu kiasi hichohicho. Mia sita kwa siku! Mwanamke anayekaa kitako hutaka mara tatu ya hizo, na mpasua mawe hutaka mara tano na zaidi. Madaktari walisema kweli. Supu ile ilikuwa na ladha kuliko maji machafu yaliyogawiwa mahali pengine, lakini ladha haijengi msuli.

Hata hivyo hukumu haiwezi kukomea hapo. Jiko la Dublin, ambalo Soyer aliliacha baada ya siku chache mikononi mwa kamati ya mji, liliendelea hata Agosti na likagawa sehemu za chakula zaidi ya milioni moja. Huko nchini, chini ya sheria ya misaada ya mwaka 1847, majiko ya namna hiyo yalifunguliwa kila wilaya, na katika Julai watu wapatao milioni tatu walikuwa wakipewa chakula kila siku. Wanahistoria wengi hukubali kwamba miezi ile ya majiko ndiyo iliyokuwa nafuu katika msiba wote. Chakula kilichopikwa hakiwezi kulanguliwa, wala hakimdhuru mtu tumbo kama mahindi mabichi. Serikali ilionyesha kwamba iliweza kuwalisha watu milioni tatu pindi ilipotaka. Kisha vuli ilipofika majiko yakafungwa, kwa hoja kwamba mavuno mapya yalikuwa mazuri na kwamba mzigo uwe wa walipa kodi wa Ayalandi wenyewe. Mavuno yalikuwa mazuri, lakini mbegu iliyopandwa ilikuwa kidogo mno. Njaa iliendelea miaka kadhaa. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama nchi.

Kosa la Soyer, basi, naliona kuwa ni kosa la fundi aliyeamini kwamba pungufu ni la ustadi. Kweli alikuta maskini wakitupa maganda na majani yafaayo, na kweli mpishi mbaya huharibu nusu ya kapu. Lakini maelekezo mazuri yalimpa waziri mlangoni njia nyepesi: ikiwa robo ratili ya nyama yawatosha watu wanane, kwa nini zinunuliwe ratili mbili? Mpishi alitoa ujuzi wake bure kwa moyo mwema, na ujuzi huo ukatumika kupunguza deni la wenye nchi kwa wenye njaa. Mwaka huohuo alitoa kijitabu cha mapishi ya maskini, bei yake peni 6, na sehemu ya fedha akaitoa sadaka.

Mwaka 1850 aliacha kazi ya klabu. Alikuwa na mambo mengi mkononi: kitabu cha mke wa nyumbani, jiko dogo la kupikia mezani kwa moto wa spiriti, na mchuzi wa chupa ulioitwa kwa jina lake na kuuzwa na Crosse & Blackwell. Maonyesho makubwa ya mwaka 1851 yalipowekwa Hyde Park, alikodi Gore House iliyokuwa karibu, akaifanya mkahawa wa mataifa yote. Nyumba hiyo hapo zamani ilikuwa makao ya William Wilberforce, mpinga biashara ya watumwa. Sijui angalisema nini kuziona kuta za ngazi yake zimejazwa vikaragosi vya wakuu, vilivyochorwa na kijana George Augustus Sala. Palikuwa na vyumba vya kila namna, na bustanini ukumbi wenye kitambaa kimoja cha meza kilichopita futi 300. Watu walikuja kwa maelfu, wengi kutazama kuliko kula, tena walevi hawakukosekana. Mahakimu walikataa kumpa leseni tena. Soyer alifunga mwezi wa Oktoba akiwa amepoteza pauni zipatazo 7,000. Leo mahali pale pamesimama Royal Albert Hall. Sina la kuongeza juu ya mkahawa huo, ila kwamba mpishi bora si lazima awe mfanyi biashara bora.

Mambo yakabadilika tena kwa habari za gazeti. Uingereza iliingia katika Vita vya Krimea mwaka 1854, na katika majira ya baridi yaliyofuata askari wake walikufa kwa kipindupindu, kuhara, baridi na utapiamlo, hata waliouawa na maradhi wakawazidi kwa mbali waliouawa na Warusi. Mapema Februari, 1855, Soyer aliandika tena kwa The Times: yuko tayari kwenda hospitali za Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kwa gharama yake mwenyewe. Lord Panmure, waziri wa vita, alimpa mamlaka, na mwezi wa Machi alikuwako kazini.

Aliyoyakuta katika jiko la hospitali kubwa yanatosha kumliza mpishi yeyote. Nyama iligawiwa kwa mizani pamoja na mfupa, hata mgonjwa mmoja alipata mnofu na jirani yake akapata mfupa mtupu. Kila chumba kilifunga fungu lake kwenye kijiti, likatiwa alama ili litambulikane: kipande cha nguo kuukuu, kifungo, kisu, hata mkasi, vyote vikatokosa pamoja katika chungu kimoja. Waliofunga kwa kukaza walitoa nyama mbichi katikati. Maji ya nyama, ambayo ndiyo supu yenyewe, yalimwagwa, na katika chungu hichohicho kisichooshwa ikachemshwa chai. Wapishi walikuwa askari waliotumwa kwa zamu. Aliyeanza kujifunza leo, kesho aliondolewa.

Soyer hakuomba chakula zaidi. Alichukua posho ileile, akaamuru nyama itenganishwe na mfupa, mifupa ichemshwe, mafuta yaenguliwe na kuhifadhiwa kwa kukaangia, mboga kavu zirowekwe kwanza, chai itiwe katika kichujio ndani ya birika. Akadai wapishi wa kudumu, waliofundishwa, wenye cheo na nyongeza ya mshahara. Akatoa vipimo vilivyoandikwa kwa watu 50 na kwa watu 100, maana yeyote aliyewahi kusimamia masufuria ya harusi ajua kwamba anayepikia mia hazidishi chumvi wala maji mara mia ya apikiaye mmoja. Hapa tofauti na Dublin ni dhahiri. Dublin palikosekana chakula, na ustadi haukuweza kukiumba. Scutari chakula kilikuwako, nacho kikiharibiwa, na ustadi ulikiokoa. Haifai kumpa Soyer sifa zote za kupungua kwa vifo, kwa kuwa katika Machi hiyohiyo tume ya usafi ilifika ikaanza kusafisha mifereji michafu chini ya majengo, na Florence Nightingale na wauguzi wake walikwisha tangulia tangu Novemba, 1854. Lakini Nightingale, mwanamke asiyependa majivuno wala mazungumzo marefu, alimkubali mtu huyu wa majivuno na mazungumzo marefu kwa sababu aliona mgonjwa anakula.

Mwezi wa Mei walisafiri pamoja hadi Balaklava. Huko Soyer alileta chombo alichokibuni kabla ya kutoka London: jiko la chuma mfano wa pipa, moto chini, chungu cha galoni 12 juu, mfuniko, na bomba la moshi. Wapikao kwa mafiga mvuani wataelewa faida yake bila maelezo. Askari walikuwa wakipika kila mtu kibati chake juu ya moto wa wazi, na kuni zilipokwisha walichimba mizizi ya miti kwa mapanga. Jiko moja la Soyer liliwapikia watu wapatao 50 kwa kuni chache, hata kama zilikuwa mbichi. Halikuonyesha mwali kwa adui usiku. Na nyumbu mmoja aliweza kubeba mawili. Tarehe 27 Agosti, 1855, alilionyesha mbele ya majemadari Simpson na Pélissier nje ya Sevastopol, kwa ngoma na divai, kwa kuwa tabia hailali. Karibu na Balaklava alikuwa akipita pia kwa Mary Seacole, mwanamke wa Jamaica aliyeendesha nyumba ya chakula na dawa kwa askari. Kila mmoja wao amemtaja mwenzake kwa wema katika kitabu chake. Homa ya Krimea ilimpata huko, na afya yake haikurudi kama kwanza.

Alirejea London mwaka 1857, akachapisha habari za safari yake. Jeshi lilikubali jiko lake, nalo likaendelea kutumika, pamoja na mabadiliko machache, hata nusu ya pili ya karne ya ishirini. Mwezi wa Machi, 1858, alihutubia maofisa juu ya mapishi ya jeshi na ya manowari, akiwapikia mbele ya macho yao. Kazi yake ya mwisho ilikuwa jiko jipya la Wellington Barracks, London, alilolipanga kwa mashauri ya Nightingale.

Alifariki tarehe 5 Agosti, 1858, akiwa na umri wa miaka 48. Nightingale aliandika kwamba ni msiba mkubwa, kwa kuwa wako wengine wajuao kupika karamu, lakini hakuwa mwingine aliyejua kulisha jeshi. Alizikwa Kensal Green kando ya Emma, chini ya mnara aliomjengea. Vitabu vyake viliuzwa kwa maelfu, jina lake lilikuwa juu ya chupa katika kila duka, na jikoni mwa askari palichemka vyungu alivyovibuni; lakini yeye mwenyewe hakuacha mali. Mdai mmoja alifika nyumbani kabla ya wengine, akachukua michoro ya mkewe pamoja na makaratasi yake yote.